Miwani Aliyopewa Mkwe

Maji ya ziwa hayakuingia kwetu kwa mlango. Yangepitia mlangoni tungeyaona, tungepiga kelele kama majirani, tungetoa magodoro nje na kuita watu. Sisi yalitujia kwa chini. Asubuhi moja nilifungua karakana ya baba, hapa Kasenga, nikakuta sakafu inatoa jasho. Niliipangusa kwa kitambaa nikaenda kuchemsha lami, na niliporudi ilikuwa imelowa tena mahali palepale, chini ya mashine. Nilimwambia baba. Akasema ni mvua ya jana. Jana haikuwa imenyesha hata tone, lakini ukimjua baba yangu utaelewa kwamba hata mvua ilipaswa kukubaliana naye.

Baba alikuwa fundi wa miwani. Simaanishi muuzaji, wauzaji wako wengi, wanapanga miwani juu ya meza barabarani na kila mtu anajaribu mpaka apate inayomfaa. Baba alisaga lenzi mwenyewe, kuanzia kioo kinene kisichoonyesha kitu mpaka kioo cha kuvaa. Mashine aliipata zamani kwa wamisionari waliofunga karakana yao, akaileta vipande vipande. Chini ilikuwa na bakuli la chuma, na juu mkono wa chuma ulioshika kioo na kukisugua ndani ya bakuli hilo, mbele na nyuma, huku maji na unga wa msasa vikidondoka katikati. Kioo kilibandikwa kwenye mkono kwa lami ya moto. Kazi yangu mimi ilikuwa hiyo lami, kisha kukata ukingo wa lenzi iliyokwisha na kuipachika kwenye fremu. Kusaga kwenyewe hakumwachia mtu, hata mimi mwanawe niliyekulia ndani ya ile kelele.

Mguu wa mashine ulikuwa umevunjika njiani ilipoletwa. Baba hakupata mwingine, basi akamwaga misingi miwili ya zege: mmoja wa kubeba bakuli, upande wa barabara, na mwingine wa kubeba nguzo ya mkono, upande wa ziwa. Kwa miaka mingi misingi hiyo ilikaa sawa, na kioo kilitoka na unene uleule kulia na kushoto. Baba hakuwa na haja ya kukipima. Mashine ilipomaliza iliacha kialama kidogo katikati ya lenzi, na baba aliamini kile kialama kuliko alivyoamini watu wengi.

Mwaka ule ziwa lilipanda bila haraka. Kwanza lilikula mchanga tuliokuwa tukianikia nguo, halafu bustani za mchicha, halafu choo cha jirani kikadidimia mchana kweupe, watu wakisimama kutazama. Familia zilianza kuhama moja baada ya nyingine, na kila iliyoondoka iliaga kwa sauti ya chini kana kwamba ziwa linasikiliza. Ndani ya karakana vyura walikaa nyuma ya rafu. Ukuta ulivimba rangi. Mimi nilisema tuhamishe mashine kabla haijawa vigumu. Baba alijibu kwamba mashine haihami, wanaohama ni watu. Nikaendelea kupangusa kwa hasira.

Hakuna aliyeona msingi wa upande wa ziwa ukizama. Ulizama polepole mno. Nguzo ikainama kidogo, mkono ukainama na nguzo, na kioo kikaanza kutoka kinene upande mmoja. Kwa jicho hukuweza kuona. Lakini lenzi nene upande mmoja husukuma kila kitu kwenda upande wa pili: mlango, ngazi, mtu anayekuja mbele yako. Na kwa kuwa baba alibandika kila kioo kwa namna ileile, upande wake wa juu ukitazama mlango, lenzi zote mbili za kila miwani zilikosea upande uleule. Macho ya mtu yakikosewa namna moja hayagombani. Yanakubali, na baada ya siku chache mwenyewe anasahau kwamba yamekubali.

Miezi hiyohiyo ndipo mume wangu alipoanza kukunja uso barabarani. Mume wangu ni dereva. Alikuwa akiendesha lori la Fuso, akipakia mchele Luberizi, akipanda nao mpaka Bukavu, kisha kushuka na bia na sabuni. Baba alisikia kwamba mkwe wake haoni vizuri mbali, akamwita, akampima kwa herufi alizobandika mlangoni, akamsagia miwani kwa mkono wake. Alimkabidhi siku ya Jumapili, mbele ya shangazi zangu, na kinywaji mezani. Hakumwambia mtu kwamba ni zawadi, lakini ilifanywa vile zawadi zinavyofanywa.

Kwetu, alichokupa baba mkwe hukichunguzi. Akikupa mbuzi anayechechemea, utambeba begani mpaka nyumbani, na ukifika utatuma salamu kwamba mbuzi anakimbia. Mkwe hataji kasoro ya mkono uliompa mke. Nimeyaona haya tangu utotoni, na daima nilidhani ni mambo mazuri, yanayofanya watu wasitukanane.

Mume wangu aliivaa ile miwani, akapepesa macho, akashika mgongo wa kiti.

"Iko muzuri sana, baba," akasema. "Aksanti."

Baba akafurahi mpaka akaongea Kifaransa.

Ilinichukua muda kuona. Niliona kanisani, mahali ambapo sina kazi ya mikono na macho yangu hutangatanga. Mwalimu mmoja tuliyemsagia lenzi alikuwa akipanda ngazi ya kusomea masomo, akapeleka mguu pembeni mwa ngazi yenyewe, akakanyaga hewa. Watu wakacheka kidogo. Halafu nikamwona mama anayeuza ndakala, wale dagaa wa ziwani, naye mteja wetu, amekaa ameinamisha kichwa. Nikageuka nyuma, nikamwona mzee mwingine mwenye fremu niliyoipachika lenzi mimi, naye kichwa kimelala upande uleule. Walikuwa wametawanyika kanisa zima, hawajuani, na vichwa vyao vyote vimeinamia upande mmoja, wakiimba. Sikusikia tena mahubiri.

Nilipofika nyumbani lori lilikuwa limeegeshwa nje. Nilizunguka nikalitazama. Upande wa kulia, toka mlango mpaka nyuma, rangi ilikuwa imekwanguliwa kwa mistari mirefu, mingine ya zamani imeshika kutu, mingine mipya. Upande wa kushoto hakukuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Umeligonga wapi?" nikamwuliza mume wangu.

"Kule Ngomo," akasema. "Ile barabara iko mbaya. Unapanda, mulima unakukamata."

Ngomo ni ule mpando ulio kati ya bonde letu la Ruzizi na Bukavu. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima na ni nyembamba. Sisi huendesha kulia. Ukipanda, kulia kwako kuna mwamba. Nilisimama pale nimeweka kiganja juu ya ile mikwaruzo, nikafikiria safari ya kurudi. Ukishuka, kulia kwako hakuna mwamba. Kulia kwako kuna korongo, na korongo haliachi alama kwenye rangi.

"Na ukishuka?" nikauliza.

"Nikishuka naenda pole pole," akajibu, akaingia ndani.

Jioni ileile aliondoka kwenda kupakia mchele. Nilimwomba asiende, sikuweza kumweleza kwa nini, akanicheka. Alfajiri mimi nilikwenda karakana kabla ya baba. Nyuma ya rafu, ukutani, kulikuwa na msalaba wa mkaa ambao baba alinichorea nilipoanza kujifunza. Unasimama mbele yake, unashika lenzi mbali na uso, unaweka kialama cha katikati juu ya makutano ya mistari. Lenzi ikiwa nzuri, mistari inapita ndani ya kioo na kutoka nje bila kukatika. Hatukuwa tumeutumia miaka mingi, kwani mashine haikosei. Nilisukuma rafu, vyura wakatawanyika, nikachukua lenzi ya juzi iliyokuwa ikingoja fremu. Mstari wa kusimama ulikatika. Kipande cha ndani ya kioo kilikaa pembeni kabisa ya kile cha nje. Nikachukua nyingine, ikawa hivyohivyo. Zote zilisukuma kulia.

Baba alipokuja nilimwonyesha. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akasema ukuta umevimba kwa maji, msalaba wenyewe ndio umehama.

Nilikwenda kwa jirani yetu mwashi, nikaazima pima maji, ile fimbo yenye kichupa na povu ndani. Nikailaza juu ya msingi wa barabara. Povu likakaa katikati. Nikailaza juu ya msingi wa ziwa. Povu likakimbilia mwisho wa kichupa, likabaki huko.

"Hiyo nivo imekufa," baba akasema. "Minye mwenyewe niliisawazisha hii mashine juzi. Angalia."

Akainama kunionyesha. Chini ya nguzo alikuwa amepigilia kabari za mbao, safi, zimekatwa vizuri kama kila kitu alichokata baba. Alikuwa ameona kitu, basi. Masikio yake yalikuwa yamesikia mlio umebadilika, akajaribu kuutengeneza bila kumwambia mtu. Lakini kabari alizipiga upande usiofaa. Zilikuwa zikiiinua nguzo pale ilipokuwa juu tayari, na kuizidisha kuinama. Fundi kama yeye. Nilitaka kumwuliza amewezaje, ndipo nikatazama uso wake. Alikuwa amevaa miwani mpya, aliyojisagia mwenyewe baada ya masika, kwa mashine hiyohiyo.

"Baba," nikasema, "toa lineti."

"Ya nini?"

"Toa tu, baba. Halafu uangalie mashine."

Sijawahi kumwamuru baba yangu kabla ya siku ile. Alinitazama kwa ukali, mimi nikabaki nimesimama. Aliivua taratibu. Mara akanyoosha mkono na kushika meza, kwa sababu macho yake yalikwishazoea upotovu, na sasa chumba kilimwinamia upande wa pili. Alisimama hivyo mpaka kikatulia. Kisha akaenda kwenye nguzo, akaipapasa kutoka juu mpaka chini kwa kidole gumba, akafunga macho, akaipapasa tena. Nilikuwa nimemkasirikia mwaka mzima kwa ukaidi wake, na wakati ule hasira yote iliniisha, nikamwonea huruma.

"Mukwe yangu iko wapi?" akauliza.

Nilipiga simu. Mume wangu alikuwa Bukavu, ameshapakia, yuko karibu kuondoka. Nilimweleza yote, lenzi na msalaba na pima maji, maneno yakinikanyagana. Alisikiliza. Halafu akasema ameshazoea, sasa anaona vizuri.

"Haujazowea," nikasema. "Gari iko na alama upande moja tu. Acha gari kule."

Akashusha sauti. "Weye unataka nimuambie mukwe yangu nini? Kwamba kazi ya mikono yake ni mbaya?"

Nikaelewa kwamba maneno yangu hayatafika popote. Mimi nilikuwa mke tu; miwani haikutoka kwangu. Nikampa baba simu. Nafikiri hakukuwa na kitu kigumu zaidi ambacho ningeweza kumtia mkononi. Aliishika mbali kidogo na sikio, kama anavyoshika simu zote, hivyo nilisikia kila neno.

"Mukwe," akasema, "ile lineti nilikupatia ni mbaya. Usiendeshe."

"Hapana, baba. Iko muzuri."

"Ni mbaya. Nimeona minye mwenyewe. Mashine imeinama."

"Baba, usijichokeshe bure. Iko muzuri kabisa, ninakushukuru kila siku."

"Ninakuambia haiko muzuri."

"Ndiyo, baba. Lakini iko muzuri. Nitashuka pole pole, nitakuja kukusalimia."

Akamuulizia baba afya, akamuulizia shangazi zangu, akaaga kwa heshima yote, akakata. Baba alibaki ameshika simu. Alimwambia mkwe wake ukweli waziwazi, na mkwe wake, kwa adabu njema aliyofundishwa na wazazi wake, alikataa kuusikia. Nilipiga tena, simu ikawa haipatikani. Nilimtukana mume wangu peke yangu pale karakana, matusi ambayo baba alijifanya hakuyasikia.

Baba alichukua kofia yake. "Ita moto," akasema, yaani pikipiki.

Mzee wa umri wake kupanda pikipiki mpaka kule juu ya bonde lilikuwa jambo la kuchekwa, na baba alichukia kuchekwa. Alikaa kati ya dereva na mimi, bila miwani, ameshika mabega ya dereva. Tulipita mashamba ya mpunga, tukasubiri ng'ombe wavuke, tukapita Luberizi pale mume wangu anapopakia, watu wakanisalimia, nikashindwa kuitika. Kila lori lililokuja mbele yetu nililitazama kwa kioo chake cha mbele. Baba hakuweza kuona nembo wala rangi. Kila mara aliuliza, "Ni yeye?" na kila mara nilisema hapana.

Tulipofika Kiringye, kijiji kilicho kabla ya mlima, tairi la pikipiki lilitoboka. Tukakaa kando ya barabara, mahali ambapo malori yanayotoka Bukavu husimama kupumzisha breki. Dereva mmoja alikuwa akimwagia magurudumu maji. Nilimtajia lori letu. Akasema ndiyo, analijua, walikuwa wakifuatana kuanzia juu.

"Alikuwa nyuma yangu," akasema. "Kisha kwenye ile kona ya chini nikaangalia ku kioo, sikumuona tena."

"Alisimama?"

"Sijui, mama. Pale hakuna mahali ya kusimama."

Baba alisikia. Alikaa chini juu ya jiwe, mikono magotini, uso umeelekea mlimani asikoweza kuona kitu. Magari yakaja, lori, basi dogo, lori jingine. Moshi wa breki ulinuka. Mimi nilikuwa nimeanza kupanga kichwani nitakavyowaambia watoto, na nilijichukia kwa kupanga, lakini sikuweza kuacha. Jua lilihama kutoka upande mmoja wa barabara kwenda mwingine. Baba hakuuliza tena kama ni yeye.

Lori letu lilikuja likitambaa. Kioo cha pembeni cha kulia hakikuwepo. Magurudumu ya kulia yalikuwa yamejaa udongo mwekundu na majani marefu, yale yanayoota ukingoni mwa korongo tu. Mume wangu alituona, akasimamisha, akashuka. Suruali yake ilikuwa na udongo mpaka kiunoni. Alipoona kwamba aliyekaa juu ya jiwe ni mkwe wake, alifuta mikono haraka, akasimama kwa adabu, akainamisha kichwa, akamsalimia na kumwuliza kama safari ilikuwa njema.

"Nini kimetokea kule?" baba akauliza.

"Gurudumu liliponyoka kidogo, baba. Batu wakanisaidia na kamba na mawe. Ni barabara tu. Barabara imekatika."

Baba aliinuka. Alimsogelea karibu mno, karibu kuliko mkwe na mkwe wanavyosimama, akanyoosha mikono miwili akamvua ile miwani usoni. Nilishusha macho. Mkono wa baba mkwe haugusi uso wa mkwe. Aliiweka chini kwenye changarawe akaikanyaga kwa kisigino, tena na tena, mpaka kioo kikawa unga. Mume wangu alisimama akipepesa macho, ameshika mlango wa lori.

"Sasa unijibu," baba akasema. "Usinijibu kama mukwe. Unijibu kama muntu tu. Ile lineti ilikuwa muzuri?"

Mume wangu aliangalia majani yaliyoning'inia kwenye magurudumu.

"Nilikuwa naogopa, baba," akasema hatimaye. "Toka siku ya kwanza. Kila nikifika kule juu nilikuwa nasimamisha gari, nasali kwanza, nawataja batoto, ndiyo nashuka."

Baba akakaa tena juu ya jiwe, taratibu, akilitafuta kwa mkono. Mimi sikuwa na subira ya kukaa. Nilimshika mume wangu shati, pale barabarani, mbele ya madereva na mbele ya baba yangu, nikamtikisa.

"Mbona haukusema kwangu?" nikamwuliza. "Tuko tunalala kitanda moja. Mbona haukuniambia minye?"

Alinitazama bila hasira yoyote.

"Weye?" akasema. "Weye ni mutoto wake."